Mume Wangu wa Redioni Alimhoji Jini wa Mama Yangu

Bwana mwenye ukurasa, jina langu lifiche, na la mume wangu lifiche zaidi, maana sauti yake mnaijua nyote.

Mie ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Micheweni, nimeolewa Wete. Mume wangu ana kipindi redioni cha mambo ya majini na uganga. Huzunguka Pemba na mashine yake ya kunasia sauti, akawahoji waganga na wenye majini, kisha mikanda hupelekwa Unguja na sote tukasikia. Siku hizi za ugomvi wa vyama vya siasa watu hawauziani hata kibiriti, lakini kikianza kipindi chake wote hujibana baraza moja. Wanayapenda masuali yake. Hamwachii mtu nafasi ya kumeza mate, na mgeni akikwama, humwacha kimya mpaka wasikilizaji waone haya kwa niaba yake. Hapo ndipo husema, "Wasikilizaji, jawabu mumelisikia." Hata watoto wa skuli wanalisema neno hilo njiani.

Mwanzoni nikijisifu naye. Kisha akamhoji bibi mmoja wa Mgogoni, mkubwa kuliko mama yangu, akamkaba mpaka yule bibi akalia, na kilio chake kikatangazwa vivyo hivyo. Nikamwambia, "Yule ana wajukuu, bwana." Akanijibu, "Mwenye kweli halii." Nilimchukia siku ile.

Sasa, mama yangu naye ni kiti, yaani ana jini anayempanda, jini mwanamume mwenye ukali wake. Wanawake wengi wa kwetu wameuguzwa na mama. Watu wa sokoni Wete wakaanza kumchoma mume wangu: "Wa watu unawaumbua, wa ukweni unamficha." Neno hilo lilimkaa rohoni. Akarudi nyumbani akaniambia anakwenda Micheweni na mashine.

Nikamwambia, "Yule ni mkweo. Kumwamkia kwenyewe humwamkia nyuma ya pazia. Utamkabaje?"

Akacheka. "Mama simuulizi neno. Namuuliza jini wake."

Nikatangulia kwa mama nikitumai atakataa. Alikuwa anakuna nazi, wala hakuniinulia uso. "Mwambie aje," akasema, "na mashine asiisahau." Nilistaajabu, maana mama hapendi makelele.

Basi ikawa Jumamosi baada ya laasiri. Ubani ukafukizwa, mama akafunikwa shuka nyeupe, ngoma ikapigwa, na jini akapanda. Akatoa salamu kwa Kiarabu, kwa sauti nzito ya kiume. Mume wangu akamsogezea mashine na kuanza mambo yake: jina lako nani, nchi yako wapi, mbona Kiarabu chako cha Micheweni? Watu wakacheka. Mie nilikuwa nimemshika mama mabega.

"Kama wajua ya siri," mume wangu akasema, "mfukoni mwangu mna nini?"

Jini akamjibu taratibu, "Mna funguo mbili. Mmoja wa nyumba ya mwanamke huyu aliyenishika. Wa pili wa chumba cha Tanga. Mkeo mdogo hajambo?"

Mkono wa mume wangu ukaruka mfukoni. Sote tuliuona. Kisha akainama akaizima mashine. Mzee fundi, anayeongoza ngoma, akamwuliza kwa upole, "Mbona umezima, bwana? Mgeni bado yupo." Akakunja nyaya zake akatoka.

Jini aliposhuka, mama aliomba maji ya kunywa, akauliza, "Mkwe wangu keshakula?" Nikamwambia yupo nje ananingoja. Kwetu aliye kiti haambiwi aliyoyasema jini wake, wala hadaiwi kwayo. Ni aibu kubwa kumwuliza.

Njiani kurudi Wete mume wangu akasema, "Jini muongo yule."

Nikamwambia, "Jana ulikuwa ukisema majini hakuna. Leo wapo, ila waongo?"

"Basi ni mama yako. Kamwulize."

Amenifunga hapo, na anajua. Nikimwuliza mama, akaniambia kuwa alisikia habari kwa wasafiri wa Tanga na akakosa njia ya kumsuta mkwe wake, itakuwa jini hakupanda siku ile, na heshima yake yote Micheweni imekwisha. Akiniambia hajui kitu, nitabaki nilipo. Mke wa pili dini imemruhusu, sikatai. Lakini siku ya kuniposa aliahidi mbele ya wazee wangu kwamba akitaka kuoa tena, mie ndiye nitakayekuwa wa kwanza kuambiwa. Kinachoniuma ni hicho. Nikenda kwa kadhi kudai ndoa yangu ivunjwe, ataniuliza shahidi wangu nani. Nimtaje jini?

Juzi nilimtilia chai, nikakaa mbele yake, nikamwuliza kama anavyouliza yeye: "Tanga una mke? Yupo au hayupo?"

Akakikodolea macho kikombe. Sikumsaidia. Nilimwacha kimya mpaka chai ikapoa, na mie nikaona haya kwa niaba yake. Kisha nikasema, "Wasikilizaji, jawabu mumelisikia." Akavaa viatu akatoka.

Tangu hapo hatusemezani ila la lazima. Leo asubuhi ameniletea shati lake jeupe nimpigie pasi. Ijumaa anasafiri kwenda Tanga, ati kutafuta kifaa cha mashine. Ndugu zangu wasomaji, mkaa wa pasi umeshika moto na shati lipo mbele yangu. Nishaurini, nilipige pasi hili shati au nifunge nguo zangu nirudi kwa mama?