Bibi alinikabidhi mjukuu wake nimfundishe Kiswahili, tukaishia kwenye Kikorea cha ngoma na nyimbo

Wakuu, salaam kutoka Ibra, Oman. Hii si chai ya kutunga. Natamani ingekuwa chai.

Mimi ni Ke (mwanamke), mtu wa Tanga, nafanya kazi za ndani huku mwaka wa tatu sasa. Nyumba niliyopo ni ya watu wema, sina la kulalamika. Naandika kwa sababu nina aibu na sina wa kumwambia.

Mwenye nyumba anaishi na mama yake, mzee kabisa, kazaliwa Unguja akaletwa huku akiwa msichana. Sote tunamwita Bibi. Kiarabu anakijua, ila akitaka kucheka au kuomba dua anarudi kwenye Kiswahili, na humo ndani wa kumjibu ni mimi tu. Wanawe wanaelewa nusu nusu. Mjukuu wake Shatha, umri wa form two hivi, anamjibu kwa Kiarabu.

Basi Bibi akaniambia, "Mwanangu, kila alasiri wacha kazi, kaa na Shatha umsomeshe Kiswahili. Nataka nikisema naye anijibu, inshallah."

Wiki ya kwanza nilijitahidi. Shatha anapiga miayo tu.

Siku moja akafungua app yake ya Kikorea (mtoto yule kwa wanamuziki wa Korea haambiliki) akaanza kunifundisha maneno yao ya muziki. Ngoma ni buk. Wimbo ni norae. Kupiga ngoma ni chida, lakini filimbi inapulizwa, hiyo ni bulda. Kuna na piri, ukiiona utasema ni mdogo wake zumari.

Wakuu, nilinogewa. Series za Kikorea ni ugonjwa wangu tangu Tanga. Chumba kina AC, mgongo umepumzika, na Shatha akaanza kuniita unni, ndivyo wasichana wa kule wanavyowaita dada zao. Dada wa kazi nimeitwa sana. Dada hivi hivi, ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike. Honestly, hilo ndilo lililonimaliza.

Kila jioni Bibi ananiuliza, "Leo mmesoma nini?"

"Nyimbo na ngoma, Bibi."

Haukuwa uongo kamili, ndiyo maana ulinitoka kirahisi. Anafurahi, ananiombea dua, na mimi naitikia amin bila haya.

Eid ikaja. Mdogo wake Bibi, Bi Zuwena, akaletwa na wanawe kutoka Sur. Kumbe Bibi alishamtangazia kwenye simu kwamba mjukuu sasa anasema Kiswahili, na nyimbo na ngoma anazijua. Nagawa kahawa na tende za shamba lao la Samad, mara namsikia Bibi anamwita Shatha mbele ya wageni. Akashusha rafuni ngoma ndogo ya marehemu mumewe.

"Hebu mwambie bibi yako, hii nini?"

Neno ngoma Shatha analijua, nani halijui. Lakini watu wote wanamtazama, ulimi ukaenda ulikozoea.

"Buk."

Bibi akadhani hakusikia vizuri. Akaigonga kwa vidole. "Na hapa nafanya nini?"

"Chida."

Bi Zuwena akamuuliza Bibi taratibu, "Dada, Kiswahili cha wapi hichi?" Vijana wakaangua kicheko. Shatha akakimbilia chumbani. Bibi hakucheka. Aliniangalia mimi, nimesimama na dele la kahawa mkononi, kisha akairudisha ngoma mahali pake.

Kesho yake akaniita. Nilishajiandaa kusikia habari za tiketi ya kurudi.

"Kaa kitako. Ile lugha gani?"

"Kikorea, Bibi. Nisamehe."

"Na kuimba wasemaje?"

"Noraehada."

Akalijaribu. Meno hana, likamshinda, akalirudia tena na tena. Halafu akasema, "Nisomeshe na mimi. Yeye kama haji kwangu, mimi nitamfuata huko huko aliko. Lakini usimwambie."

Nilitamani anitukane. Nililia pale pale, na yeye ndiye aliyenipa kitambaa.

Siku hizi alasiri nina wanafunzi wawili. Shatha nampa Kiswahili, safari hii kweli, halafu nahamia kwa Bibi na buk zetu.

Nilichojifunza: ukikabidhiwa jambo la mtu usilipime kwa macho yako. Mimi niliona kipindi cha kupumzisha mgongo. Yule mzee alikuwa anatafuta mtu mmoja tu wa damu yake wa kuongea naye kabla hajaondoka.

Sasa nishaurini. Nimwambie Shatha, au ninyamaze kama nilivyoagizwa? Na wa kunisema aniseme, nimestahili.

Jana Bibi ameniuliza "njoo tuimbe" wanasemaje. Anataka akalisemee mlangoni kwa Shatha siku atakapoliweza. Bado hajaliweza.