Mwalimu Asiyefika Shikomeni

Odeta, mama yake Shimba, humsikia mwalimu kabla ya kumwona. Huimbisha hesabu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, na chaki ikiisha huandika kwa kipande cha makopa ya muhogo. Mtoto akikosea, humshika mkono na kuuongoza polepole. Katika kijiji hiki cha ujamaa, nyuma ya Buswelu, hakuna mwingine anayewashika watoto wa wakoma. Wanaume wanaokula pamoja shikomeni, penye moto wa jioni, walimwambia, "Chagua, mwalimu: sisi ama hao." Tangu hapo hula peke yake mlangoni pa banda la darasa, akitafuna taratibu kama anayesubiri mtu. Mwalimu aliyemtangulia alishindwa na upweke huo, akarudi mjini, na watoto wakarudi kuchunga mbuzi.

Kwa kuogopa hilo, jioni moja Odeta akampelekea ugali na sato. Mwalimu akanawa. "Karibu tule, Mama Shimba."

"Sili mbele za watu, mwalimu. Vidole sina."

Mwalimu akageuza kigoda. "Basi nakupa mgongo. Ila usinimalizie samaki!"

Wakala hivyo, sahani kati yao, mwalimu akitazama ziwa na Odeta akitazama ukuta, mpaka ugali ukaisha.