Wembe wa Bibi

Juzi, pale Mtendeni, nilimwona mama mmoja akimnyoa mwanawe, nikajishika kichwa.

Mchana mmoja wa utoto wangu, bibi alinibana katikati ya magoti yake ili aninyoe, povu la sabuni likinichoma macho. Nilikuwa nimewahi kunyolewa mara moja tu, kwenye msiba wa babu. Na baba alikuwa amesafiri kwenda Goweko.

“Bibi, baba amekufa?”

“Tulia wewe! Nitakukata sikio.”

Hakukataa, basi nikajua ni kweli. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, wala sikuweza kugeuka. Sasa najua nilinyolewa kwa sababu masista hawakutaka chawa shuleni kwao.

Mara baba akatokea uani na kibao cha kuandikia.

“Mwanafunzi wa kesho analia nini?”

“Kumbe hujafa!”

Nikataka kumrukia, lakini magoti ya bibi yakanibana. Ilikuwa imebaki nusu ya kichwa.