Ndoo Hasi Mbili

Mwalimu Serafina, wa hisabati hapa shuleni kwetu nje kidogo ya Masumbwe, ana mdomo. Mimi nafundisha Kiswahili na meza zetu zimegusana, nimeshauzoea. Yeye ni mtoto wa katekista wa Ushirombo, na kwake uvivu ni dhambi ya kuungamwa.

Hesabu zake huzitunga kwa mambo ya hapa hapa. Safari hii ilikuwa viroba vya mawe ya dhahabu: vikubwa vitatu na vidogo viwili vinabeba ndoo kumi na sita; kikubwa kimoja na vidogo viwili, ndoo nane. Kila kiroba kinabeba ndoo ngapi?

Hata mimi nililipata jibu: kikubwa nne, kidogo mbili. Lakini Limi, binti mpole wa kidato cha pili, aliandika kikubwa kumi na mbili, kidogo hasi mbili. Evance wa dawati lake naye vivyo hivyo.

"Kosa la ajabu namna hii halizaliwi mara mbili!" Serafina akafoka darasani. Evance mjanja, akaapa haki ya Mungu hajamwangalizia mtu. Limi akanyamaza, na anayenyamaza ndiye huonekana mwizi. "Hebu tuonyeshe hicho kiroba chenye ndoo hasi mbili! Unaangalizia hata upuuzi?"

Darasa likaangua kicheko. Niliposimuliwa nami nilicheka, Mungu anisamehe. Kesho yake Limi hakuja shule, wala kesho kutwa yake.

Serafina akaendelea kusahihisha madaftari yaliyobaki. La kwanza, hasi mbili. Linalofuata, hasi mbili. Nikamwona anaweka kalamu chini.

"Mama yangu wee. Ni mimi."

Ukitoa mlingano wa chini kwenye wa juu, alama zote za chini hugeuka, kushoto na kulia. Ijumaa, akiliwahi gari la Kahama, kwenye mfano wake ubaoni aligeuza za kushoto tu. Watoto wakamfuata vilevile. Waliopata jibu sahihi ni watoro wa siku ile!

Akaisukuma chai pembeni. "Nimemwaibisha mtoto wa watu kwa kosa langu, na sasa ataacha shule." Nikamshauri atume ujumbe. Akanikata jicho. "Nilimtukana kwa mdomo, nitamwomba radhi kwa mdomo."

Tukapanda bodaboda moja, mshikaki, wote wawili nyuma ya dereva, hadi kwa kina Limi. Mama yake, mtu mzima wa kumzaa Serafina, akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu." Serafina akakosa pa kuweka uso. Kabla hajasema neno, mama akaita, "Limi! Njoo umwombe mwalimu msamaha! Nimeshamchapa, mwalimu. Hapa hatulei wezi."

Limi akaja, alama ya fimbo bado iko mkononi, akapiga goti. "Nisamehe, mwalimu. Niliangalizia."

"Hapana, Mama Limi," Serafina akasema. "Niliyekosea ni mimi."

Mama akacheka. "Usimtetee, mwalimu. Wewe ukosee hesabu? Si kakiri mwenyewe!"

Serafina akachuchumaa, machozi yanamlengalenga. "Limi, mwanangu, ulimwangalizia nani?"

Mtoto akainamisha kichwa.

"Niliangalizia ubaoni, mwalimu."