Fundi Vahdet Nyuma ya Mstari wa Njano

Tangu madaktari wa Adana wamtie kifuani kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, fundi Vahdet alipigwa marufuku kuikaribia mashine yake mwenyewe. Mashine hiyo huunganisha maturubai ya malori kwa mawimbi ya umeme, bila uzi wala gundi, na mawimbi hayo yangeweza kukivuruga kile kifaa. Bintiye Sevgül, mama wa watoto watatu na mkali kama pilipili, alishika kazi yake, akachora mstari wa njano sakafuni mwa karakana, akamwekea baba yake kigoda upande wa pili.

Akae, nani? Mtu aliyesimama kwenye pedali ya mashine miaka thelathini na minane hakai. Aliagiza chai, akaiacha ikapoa, akainuka, akafuta dirisha lisilo na vumbi, akakaa, akainuka tena. Na masikio yake hayakuchorewa mstari. Pao la shaba, lile linalobana turubai mashineni, likishuka na kuunguruma, alisikia. Mngurumo ukikoma, alibana pumzi kama siku zote, kwani plastiki iliyoyeyuka lazima ipoe ikiwa bado imebanwa, na pumzi ndiyo iliyokuwa saa yake. Pao likiinuka kabla hajaishiwa pumzi, alijua kazi imeharibika.

Asubuhi hiyo dereva Hasip alikuwa mlangoni akingojea turubai lake, machungwa yameshapakiwa.

"Dada Sevgül, mpaka machungwa yaote ndevu?"

"Yakiota utayanyoa. Niache nifanye kazi."

Mngurumo, kimya, na pao hilooo juu. Vahdet bado alikuwa na pumzi tele.

"Umeliinua mapema!"

"Baba, kunywa chai yako."

"Nipe kipande cha majaribio!"

Sevgül akamrushia ukanda aliouunganisha kwa mwendo uleule. Vahdet akauvuta kwa vidole, pande mbili zikaachana kama ganda la ndizi mbivu.

"Upepo utalifumua hili kabla Hasip hajaifikia milima!"

Akainuka, akavuka mstari. Ulikuwa mguu mmoja tu, lakini Sevgül aliuona. Akakimbilia swichi kubwa, akazima karakana nzima.

"Unataka nikuzike kwa ajili ya machungwa?" Kisha akashusha pumzi. "Haya, imezimika. Ingia unionyeshe."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, mzee akalishika pao lake.

"Usihesabu. Wewe hata namba unazikimbiza. Ukisikia kimya, bana pumzi. Ukishindwa kabisa, inua."

"Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unaniona."

Akarudishwa kwenye kigoda chake, umeme ukawashwa, kazi ikarudiwa toka mwanzo. Mngurumo ukaja, ukakoma. Vahdet akabana pumzi. Mbele yake mabega ya bintiye yalikuwa yamepanda, hayatikisiki. Wakapumua pamoja, na pao likainuka.

Ukanda mpya haukuachana. Alivuta mpaka vidole vikamuuma, ndipo plastiki ikabanduka na kuacha uchi nyuzi za kitambaa cha ndani, lakini kiungo chenyewe kikashikilia.

"Vipi?" Sevgül aliuliza.

"Mpe mtu turubai lake."

Alifurahi, na furaha ile ilimchoma, maana sasa hakuna aliyemhitaji pale. Sevgül alipogeuka kumwita Hasip, mzee akakisogeza kigoda, miguu yake ya mbele ikaukalia mstari wa njano. Sevgül aliporudi kazini mashine ikaunguruma tena, naye mzee akangoja ikome ili abane pumzi.