Seva Iliyokaa Chumbani kwa Bibi

Asubuhi naandika riwaya, mchana nahudumia seva. Siku ile nilikuwa nyumbani Rau, bado namtafutia mhusika wangu sababu ya kuondoka kwao, simu ikaita kutoka Kirua Vunjo. Alikuwa mwenyekiti wa kituo cha maziwa.

"Lebo hazitoki! Lori liko njiani, na dereva hachukui keni isiyo na lebo. Nizime mashine niwashe upya?"

"Usiiguse!" nikasema, mkono mmoja tayari unatafuta kiatu.

Programu ya kituo hukaa ndani ya seva moja ya chanzo huria, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Majibu ya kupima maziwa ya asubuhi hiyo yalikuwa kwenye kumbukumbu ya seva, yakisubiri kuandikwa kwenye hifadhidata ndipo lebo zichapwe. Ukiizima, yanapotea. Kupima upya kungechukua asubuhi nzima, na maziwa yangechachia ndani ya keni huku akina mama wakiyatazama.

Lakini seva hii ina jambo ninalolipenda kama ninavyopenda sentensi iliyokaa sawa. Kila sehemu yake ina mlango wake wa usimamizi. Unaweza kuingia kwenye sehemu moja, ukaiuliza hali yake, ukairekebisha, na nyingine zisijue kama kuna mgeni. Kwa usalama, milango hiyo tuliiacha ifunguke kwa aliyeketi mbele ya mashine yenyewe tu. Na mashine iko chumba cha nyuma kwa bibi mmoja jirani na kituo, maana umeme wake wa jua haukatiki.

Nikapanda bodaboda. Huko juu mlimani ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba, na matone yakidondoka toka majani hadi kwenye kahawa. Nilipofika, akina mama walikuwa wamekalia keni zao nje ya nyumba ya bibi. Mwenyekiti alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kama umefuata ufunguo, ninao. Ila kwa huyu hautoki." Akamwonyesha mwenyekiti kwa kidevu.

Nikaelezwa. Mwenyekiti, kwa kuogopa wezi, alikuwa amepiga kufuli kwenye kile chumba bila kumwambia mwenye nyumba. Bibi akaita fundi, likakatwa, akaweka la kwake; mwenyekiti aligundua baada tu ya kunipigia simu.

"Mama, ilikuwa usalama tu," mwenyekiti akajitetea.

"Usalama! Nyumba yangu, kwenye kihamba hiki cha ukoo alichoniachia mume wangu, halafu mbegu zangu za maharage nizichungulie dirishani?"

"Mwenyekiti, kachume isale!" mama mmoja akapaza sauti. "Au unasubiri tuuze mtindi?"

Wakacheka wote. Mwenyekiti hakucheka. Kwetu, aliyekosa akija na jani la isale mkononi, aliyekosewa hawezi kumnyima msamaha. Nimeliona likimaliza ugomvi wa mipaka na wa wakwe. Kwa ajili ya seva, sijawahi.

Honi ya lori ikalia bondeni.

Mwenyekiti akauangalia ua wa isale uliozunguka nyumba, akatuangalia sisi, akaenda. Akachuma jani, akalipiga fundo, akarudi na kulitoa kwa mikono miwili, kichwa chini.

Bibi akaligeuzageuza. "Na ua wote ule, umeona hili dogo ndilo linanitosha?"

"Nilete lingine, mama?"

"Acha. Lori litatuacha." Akalichomeka kwenye kilemba chake, akatoa ufunguo kiunoni.

Chumba kilinukia maharage makavu. Nikaketi, nikafungua orodha ya vipengele vya usimamizi; kwa kuwa nilikuwa pale pale, mashine haikuniuliza nenosiri. Nikashuka hadi kwenye kile kinachoshika miunganisho ya hifadhidata. Kumbe umeme wa kituoni ulikuwa umekatika kidogo alfajiri, hifadhidata, iliyo kwenye kompyuta ya huko, ikazima na kuwaka, na seva ikabaki imeng'ang'ania miunganisho iliyokufa. Nikakiamuru kiiachie yote, kifungue mipya.

Foleni ya majibu yaliyokuwa yakisubiri ikaanza kupungua, taratibu, halafu kwa kasi.

"Zinatokaa!" sauti ikapasuka kutoka kituoni.

Akina mama walikwisha inuka. Walibandika lebo wakisukumana na kutaniana, na dereva, aliyekuja na uso wa haraka, akajikuta anapokea keni huku anacheka asichokijua. Mwenyekiti akainama kumsaidia mama mmoja kuinua keni yake.

"Hiyo weka chini," akaambiwa. "Anza na ya bibi."

Akaibeba begani, jasho likimtoka kwenye ile baridi, bibi akimfuata nyuma hadi kwenye lori: "Polepole, mwanangu, usinimwagie."