Neno Nililolimeza

Kosa langu la kwanza nilipojifanya mkalimani lilikuwa kulimeza neno moja: zaidi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Baba alikuwa amekwisha kupasuliwa mara moja kwa saratani ya tumbo, na kovu lilimshuka kutoka kifuani hadi kitovuni. Kisha chakula kikaanza tena kukataa kushuka. Hospitalini Ifakara tulimkuta daktari mgeni mwenye kamera nyembamba, aliyesema angeweza kumpasua kwa matundu madogo bila kulifungua tena kovu lile. Muuguzi alitaka kutafsiri, nikamzuia. Nilikuwa nimejifundisha Kiingereza kwa kamusi isiyo na jalada, na nilitaka baba anisikie.

Daktari alieleza kwamba njia hiyo ni salama zaidi, ila huenda utumbo umegandana na kovu la zamani, na chombo kinaweza kuutoboa. Nikatafuta neno la kugandana, nikalikosa. Niliona aibu kukwama mbele ya muuguzi.

"Anasema ni salama," nikamwambia baba.

"Salama kabisa?"

"Salama."

Akaomba wino aweke dole gumba. Nilipoona dole lile linaikaribia karatasi, nikaushika mkono wake.

"Baba, subiri. Nimekudanganya. Ni salama zaidi tu. Wanaweza kutoboa utumbo."

Baba alicheka mpaka akajishika tumbo.

"Mwanangu, Kilombero nimeivuka kwa mtumbwi miaka arobaini, mamba wananitazama. Nani aliwahi kuniambia ni salama? Mtu anatafuta penye nafuu, anavuka. Mwambie avukie hapo. Na hiyo kamusi yako itafutie jalada, inavujisha maneno."

Akabonyeza dole.

Saratani ilikuwa imerudi kweli, na hawakuweza kuiondoa. Lakini utumbo haukutobolewa, na kwa matundu manne tu daktari aliuunganisha na tumbo mahali pengine, chakula kikapata njia.

"Amenichimbia mfereji mpya," baba aliwaambia jirani zetu waliotoka Kiberege kumjulia hali, huku amefunua shati wahesabu matundu wenyewe. Wiki ya pili alikula wali kwa perege, polepole, akaomba aongezewe. Nililia, naye akaniuliza kama nimekosa neno tena.

Alivuna mpunga misimu miwili zaidi.

Siku hizi nikimtafsiria mgonjwa nikakwama, nasema neno hili silijui, na namwachia muuguzi.